Nguzo za wavu zinapoanza kusalimiana

Saa kumi na moja jioni, kiwanja cha tenisi upande wa Shangani, Mtwara. Kusi linavuma na mipira inakwenda inakotaka yenyewe. Wavu umelegea katikati, na kijana aliyewahi kufika ameshika mpini wa winchi.

"Mzee, hapo pametosha?"

"Bado, mwanangu. Ongeza kidogo."

Anazungusha. Meno ya racheti yanagonga, tak, tak, na kebo inakaza mpaka inatoa mlio. Mzee anasimamisha raketi katikati ya wavu, analaza nyingine juu yake, anatikisa kichwa kukubali. Mchezo unaanza.

Hakuna aliyeitazama nguzo. Katika ile mizunguko miwili ya mwisho ncha yake iliingia ndani kwa upana wa kidole, na ya ng'ambo nayo ikaitikia. Zimebaki hivyo, zimeinamiana kama wazee wawili wanaosalimiana barazani.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa upesi: bomba jepesi, nunueni zito. Jibu hilo limenisumbua kwa wiki kadhaa, kwa sababu nguzo za aina hii ukizipima kwa rula kandokando, mara nyingi bomba lenyewe limenyooka kabisa. Kilicholala si bomba.

## Kilo zinazotoka wapi

Wavu wa tenisi si mzigo. Chukua wavu wenye kilo 15 pamoja na kebo yake. Mtu mmoja anaubeba begani. Ukishaunyoosha kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 12.80, mambo yanakuwa mengine, kwa sababu sasa unavuta kwa pembeni.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha uzito wa wavu kwa umbali kati ya nguzo, kisha gawanya kwa mara nane ya kina cha mbonyeo wa katikati. Sheria inataka wavu uwe na kimo cha sentimita 107 nguzoni na sentimita 91.4 katikati. Ukiuacha ubonyee wenyewe sentimita 15, kila nguzo inavutwa ndani kwa takriban kilo 160. Ukikaza mbonyeo ubaki sentimita 10, inakuwa kilo 240.

Ukikaza mpaka zibaki sentimita 5 tu, ni kilo 480.

Kilo 480, kwa wavu wa kilo 15. Na nguvu hiyo haiishiki nguzo miguuni, inaishika kichwani, mita 1.07 juu ya sakafu. Tatizo la "ongeza kidogo" liko hapo: mizunguko ya mwisho ya mpini, ambayo wavu unapanda kwa kadiri ambayo jicho halioni, ndiyo inayoongeza mvuto kuliko yote iliyotangulia.

Mkanda wa katikati, ule unaoufunga wavu sakafuni, uliwekwa ili kuondoa haja ya kukaza hivyo. Namna nzuri ni kuufungua kwanza, kukaza kebo mpaka katikati isome sentimita 97 hivi, halafu kuufunga mkanda na kushusha wavu mpaka 91.4. Mkanda wenyewe unavuta kilo chache tu, kwa hiyo nanga yake haihitaji makuu: zege la sentimita 30 kila upande, lenye kitanzi cha chuma kisichozidi usawa wa sakafu, linatosha na kubaki.

Ule upimaji wa raketi mbili hauna ubaya sana. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, na upana wa kichwa cha nyingine unakufikisha karibu. Ila vichwa vya raketi havilingani. Kata ubao wa sentimita 91.4 kamili, uutundike kwenye uzio, na ubishi utaisha.

## Pima kabla ya kulaumu

Nguzo iliyoinama ina magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Kuyachanganya ndiko kunakopoteza fedha.

Weka pimamaji ya mita moja ubavuni mwa nguzo. Ikiwa imegusa nguzo kuanzia juu mpaka chini bila mwanya, lakini kipovu kimekimbia, basi bomba ni zima na msingi ndio umegeuka. Uthibitisho uko chini: tazama upande wa nje wa nguzo, utaona ufa wenye umbo la mwezi mwandamo kati ya zege la msingi na sakafu ya kiwanja. Unaweza hata kupitisha sarafu.

Pimamaji ikigusa chini na juu ikaacha mwanya, bomba limepinda. Hilo mara nyingi huanzia usawa wa ardhi, penye kutu.

La tatu: legeza kebo, shika nguzo juu, itikise. Ikicheza, shida ni slivu, yaani bomba la nje linalobaki ardhini ambamo nguzo inachomekwa. Labda ni pana mno, au ni fupi mno, au vyote.

## Bomba, basi

Sitaki ieleweke kwamba bomba halina maana. Lina maana mpaka kiwango fulani, na baada ya hapo unanunua uzito wa bure.

Kwa nguzo inayotengenezwa na fundi wa kuchomelea, bomba la maji la inchi mbili na nusu linafaa. Kipenyo chake cha nje ni milimita 76, chini kabisa ya ukomo wa sheria ambao ni sentimita 15. Cha kuangalia ni unene wa ukuta. Bomba la ukubwa huo lenye ukuta wa milimita 3.6 linastahimili kilo 160 na hata 240 bila wasiwasi. Lenye ukuta wa milimita 1.5, yale mabomba ya fanicha yanayong'aa dukani, liko ukingoni tangu siku ya kwanza. Lakini kwa kilo 480 hata lile nene linazidiwa. Kwa hiyo anayekaza bila kipimo hataokolewa na bomba zito.

Nenda dukani na rula ya vernia, au angalau pima ukuta kwenye ncha iliyokatwa. Usikubali maneno "hili ni zito".

Slivu yake inapatikana bila kuhangaika: bomba la inchi tatu. Ndani lina takriban milimita 81, kwa hiyo nguzo ya 76 inaingia na kubaki na nafasi ya milimita 5 kwa jumla. Je, nafasi hiyo ni kubwa? Inategemea kina. Slivu ya sentimita 60 ikiwa na uchezo huo, ncha ya juu inasogea milimita 9 tu. Slivu ya sentimita 30, ambayo wengi hukata ili kubana matumizi, inasogea 18. Hapo tayari nguzo imeanza kuinama kabla udongo haujafanya lolote.

Kata nguzo mita 1.69: sentimita 60 za ardhini, 107 za juu, na mbili za ziada. Sheria inaruhusu nguzo ipite juu ya kebo kwa sentimita 2.5, isizidi. Bomba moja la mita 6 linatoa nguzo zote mbili na kipande cha kutosha nguzo ya akiba. Nguzo ya akiba ni jambo jema kwa mji ulio mbali na maduka ya vifaa vya michezo.

Mviringo au mraba? Nguzo za mraba zinapendeza, na winchi inakaa vizuri kwenye uso bapa. Hata hivyo, kwa kazi ya kumwagia kwa mikono nachagua mviringo. Slivu ya mraba ikijipinda nyuzi mbili wakati wa kumwaga zege, nguzo itatazama pembeni milele. Ya mviringo unaigeuza tu, na kebo ikikaza inajielekeza yenyewe.

Aluminiamu haipati kutu nyekundu, na kwa sababu hiyo huuzwa kama dawa ya watu wa pwani. Inafaa, kwa sharti kwamba isigusane na zege bichi wala na slivu ya chuma. Zege bichi linaila. Chuma na aluminiamu vikikutana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa kwanza. Slivu yake iwe ya plastiki ngumu au aluminiamu iliyopakwa lami kwa nje.

## Winchi

Kuna racheti na kuna gia ya skrubu. Racheti ni rahisi kutengeneza na ndiyo inayoonekana zaidi. Ubaya wake ni wakati wa kulegeza: ukiinua kishikilia meno huku kebo imekaza, mpini unarudi kwa nguvu zote zile ulizoziweka. Kilo 240 zikiachiwa ghafla zinavunja mkono.

Gia ya skrubu, hasa yenye gurudumu la shaba, inajifunga yenyewe. Ukiachia mpini, inabaki pale pale. Inakaza polepole, na kwa maoni yangu polepole hiyo ndiyo faida yake: kijana mwenye haraka anachoka kabla hajapitiliza. Bei yake ni kubwa zaidi. Fedha iliyookolewa kwenye "bomba zito" iende huku.

Kebo isizidi kipenyo cha milimita 8, na kapi ya juu iwe pana kuliko kebo. Kapi ikiwa nyembamba, kebo inapanda ukingo, plastiki yake inachanika, chumvi inaingia, na nyuzi zinakatika ndani kwa ndani bila kuonekana.

## Shimo

Sasa tumefika penyewe.

Wajenzi wa viwanja Marekani wana kipimo cha msingi kinachotumika sana: upana wa sentimita 60 juu, 75 chini, na kina cha 90. Zingatia kwamba chini ni pana kuliko juu. Msingi wa namna hiyo una zege la mita za ujazo 0.32 na uzito wa kilo 770 hivi.

Linganisha na shimo la nguzo ya uzio, sentimita 30 kwa 30, kina 45. Zege lake halifiki kilo 100. Fundi akiambiwa "chimbia nguzo mbili" bila michoro, shimo analolijua ni hilo, na si kosa lake. Nguzo ya uzio haivutwi na mtu. Ila hapa unataka kilo 100 zipambane na kilo 240 zinazovuta kutoka kwenye kichwa cha nguzo, zaidi ya mita moja juu ya sakafu. Udongo utavumilia kiangazi. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikishaulowesha, hauvumilii tena.

Mchanga wa pwani una ukaidi wake. Ukichimba, kingo zinaporomoka, na shimo linakuwa pana juu na jembamba chini, yaani kinyume kabisa cha unachotaka. Dawa ni pipa la lita 200 lililotolewa kifuniko na kitako. Upana wake ni karibu sentimita 58 na urefu karibu 88. Lisimamishe, chimba kutokea ndani huku likishuka, na ukifika mwisho panua chini yake kwa sepetu yenye mpini mfupi. Wakati wa kumwaga zege, livute juu kidogo kidogo. Ukiliacha humo, zege litashikana na bati laini badala ya kushikana na udongo.

Mikindani na sehemu nyingine za ufukweni unaweza kukutana na mwamba wa matumbawe kabla ya kufika 90. Usimalizie hapo ulipogonga. Tumia mtaimbo, na kama hauchimbiki, panua shimo pande zote na uache kuta zake zikiwa na makovu. Zege linapenda makovu.

Usijaze kamwe pembeni mwa msingi kwa udongo uliochimbuliwa. Zege limwagwe liguse udongo ambao haujaguswa.

## Vipimo viwili ambavyo havisamehe

Vuta kamba kwenye mstari wa wavu. Tafuta katikati ya kiwanja, kisha pima mita 6.40 kila upande. Hapo ndipo katikati ya nguzo, sentimita 91.4 nje ya mstari wa mchezo wa wawili wawili. Ni katikati ya nguzo, si ubavu wake.

Halafu hakiki mraba. Nusu moja ya kiwanja ina upana wa 10.97 na urefu wa 11.885, kwa hiyo mshazari wake ni mita 16.17. Pima mishazari yote miwili ya kila nusu. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, mstari wa wavu umekaa upande, na ni afadhali kugundua kabla ya saruji kuchanganywa.

Kwa mchezo wa mmoja mmoja kwenye wavu huo huo, utahitaji vijiti viwili vya sentimita 107, kila kimoja sentimita 91.4 nje ya mstari wake. Basi.

## Siku ya kumwaga

Chagua Mei au Juni. Mvua zimekwisha, na korosho bado hazijawachukua vibarua.

Misingi miwili na nanga ya katikati vinahitaji zege la mita za ujazo 0.7, pamoja na la kupotea. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, nunua mifuko mitano ya saruji ya kilo 50. Mkoa wenye kiwanda cha saruji Msijute hauna kisingizio cha kupunja saruji. Kila mfuko unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20, na maji lita 25 hadi 28. Mchanga wa ufukweni haufai, chumvi yake italila bomba kutokea nje. Kokoto ziwe za mwamba mgumu, wa aina ya milima ya Masasi. Vipande vya matumbawe vinanyonya maji na kupasuka.

Katikati ya shimo panga rundo jembamba la kokoto tupu, kutoka chini mpaka usawa wa kitako cha slivu. Slivu ikae juu yake ikiwa wazi chini, ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Iliyozibwa chini inakuwa kisima, na nguzo inaoza humo humo.

Itundike slivu kwenye mbao mbili zinazovuka shimo, na usiitegemee izuiwe na zege. Iweke wima ukiwa umechomeka nguzo yenyewe ndani, kwa sababu bomba fupi linadanganya pimamaji na refu halidanganyi. Pima kwa nyuso mbili. Wapo mafundi wanaoilaza nje kidogo "ili ikivutwa inyooke". Siwaungi mkono. Msingi ukiwa sawa nguzo haitanyooka, itabaki imelala nje, na kimo cha kebo kitakuwa pungufu.

Mwaga kwa tabaka, shindilia kwa nondo. Kisha rudia kupima 12.80, maana zege likishuka upande mmoja linaisukuma slivu bila kelele. Una kama nusu saa ya kurekebisha.

Zege la msingi lisishikane na sakafu ya kiwanja. Acha mwanya wa milimita 10 kuuzunguka na uujaze lami au sponji ngumu. Sakafu ikishikana na msingi, kila mtikisiko wa wavu unakwenda sakafuni, na nyufa zitaanzia kwenye nguzo kuelekea mstarini.

Funika kwa magunia ya korosho, yalowanishe asubuhi na jioni kwa siku saba. Wavu usubiri siku 28. Hapa ndipo subira huisha, kwa kuwa zege la siku tatu linaonekana gumu kama la mwezi.

## Chumvi

Kutu haianzi juu panapoonekana. Inaanza kwenye sentimita mbili za usawa wa sakafu, ambapo mchanga, maji na chumvi ya kusi hukaa pamoja. Nguzo iliyochovywa zinki inastahimili, lakini kila mahali ilipochomelewa baadaye zinki imeungua. Piga brashi ya waya, paka rangi yenye zinki nyingi. Anayechomelea bomba la zinki afanyie nje penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa usiku uleule.

Kata pete ya tyubu ya bodaboda, ivalishe nguzo mpaka ikalie mdomo wa slivu. Inazuia mchanga na inachukua uchezo kidogo. Kila baada ya miezi michache chomoa nguzo, ifute, ipake grisi. Isipochomolewa mwaka mzima, huenda isichomoke tena.

## Zilizokwisha kuinama

Ushauri unaopendwa ni kufunga waya nyuma ya nguzo na kuuvutia kwenye kigingi. Sikubali. Waya huo unapita pale pale mchezaji anapokimbilia mpira wa pembeni, kwa kimo cha goti.

Ikiwa pimamaji imesema ni slivu, kabari nyembamba za chuma au pete ya tyubu zinaweza kukupa muda. Ikisema ni bomba, badilisha bomba. Ikisema ni msingi, hakuna njia ya mkato: kata sakafu mraba wa sentimita 100 kuzunguka nguzo, ng'oa zege la zamani lote, chimba upya. Fanya nguzo zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, kwa kuwa zilimwagwa siku moja, kwa shimo la aina moja.

Ukishaziba sakafu, usimwite kwanza fundi wa rangi. Weka wavu, pima 91.4 katikati na 107 pembeni, rudia mishazari. Mistari ikishapakwa na kukauka, hata sentimita tano za kosa zitatetewa na kila mtu.